Hiace ya dizeli inagonga: nozeli au beringi za konrodi?

Hiace ya njia ya Mtwara–Masasi ikianza kugonga, wengi hukimbilia kusema injini imekufa. Tulia kwanza, sikiliza.

Nozeli, yaani kifaa kinachopulizia dizeli ndani ya silinda, ikiwa mbovu hutoa mlio mkavu, mkali, upande wa juu wa injini. Huzidi injini ikiwa ya baridi, na mara nyingi huja na moshi. Kwenye injini ya 3L au 5L (dizeli za Toyota za zamani), iache iungurume bila kukanyaga mafuta, kisha legeza nati za paipu za nozeli moja moja. Mlio ukipotea kabisa, nozeli ya silinda hiyo ndiyo yenye shida. Injini za komoni reli (za kisasa, ambazo paipu moja ya presha kubwa hulisha nozeli zote) usiziguse hivyo: presha ya dizeli humo hupenya ngozi.

Beringi za konrodi (konrodi ni mkono unaounganisha pistoni na krenki, shafti inayozunguka chini ya injini) hugonga kwa sauti nzito, kutoka chini, na huzidi injini ikipata moto au gari likipanda na magunia ya korosho. Kulegeza nati huenda kukapunguza mlio tu. Taa ya oili ikimulika, au oili ikiwa na chembe za chuma, zima hapo hapo.

Nozeli itakufikisha gereji, ingawa ikivuja muda mrefu huchoma pistoni. Beringi hula krenki, na konrodi ikikatika hutoboa bloku, yaani mwili wa injini. Ukiwa na shaka, livute kwa kamba, hata kama hesabu ya siku haijatimia.