Upime pumzi yako kwa kifaa gani? Nimevipanga kwa wanunuzi wa Dar

Watu wa mchakamchaka huniuliza wanunue saa gani ili wajue kama pumzi yao iko sawa. Kabla hujatoa hata shilingi, beba simu uliyonayo uende Daraja la Tanzanite alfajiri. Lina urefu wa kilomita 1.03. Kimbia dakika 12 kadiri unavyoweza. Ndicho kipimo alichokitoa daktari Mmarekani Kenneth Cooper mwaka 1968. Chukua mita ulizokimbia, toa 504.9, gawanya kwa 44.73. Utapata makadirio ya mililita za oksijeni ambazo kila kilo ya mwili wako inaweza kutumia kwa dakika. Ukienda na kurudi mara moja ndani ya muda huo, ni karibu 35. Usijilinganishe na kijana wako wa miaka 20, maana kiwango hushuka na umri, na wanawake kwa kawaida huwa chini kidogo ya wanaume. Mwenye presha au maumivu ya kifua aanzie kwa daktari, si darajani.

Sasa ukitaka kununua, namba moja kwangu ni mkanda wa kifuani wa kupimia mapigo ya moyo. Unasoma umeme wa moyo wenyewe, kwa hiyo ukipanda ngazi mbio unaona mapigo yakipanda papo hapo. Ulowanishe kidogo kabla ya kuuvaa, la sivyo utasoma upuuzi kwa dakika kadhaa za mwanzo.

Namba mbili ni saa ya mazoezi yenye GPS. Inapima mapigo kwa mwanga wa kijani unaopenya ngozi, kisha inakisia oksijeni kwa kulinganisha mapigo na kasi yako. Ni makisio, lakini ukiivaa miezi mitatu utaona unapanda au unashuka. Ibane juu kidogo ya kifundo cha mkono. Ikicheza kwenye jasho inadanganya. Na joto la Februari hapa mjini hupandisha mapigo hata kama hujapungukiwa chochote, kwa hiyo jipime muda uleule wa siku kila mara.

Za mwisho kabisa ni saa za bei ya kutupa. Nilinunua moja Kariakoo, ina mapigo, presha, sukari, kila kitu. Nyumbani nikaivua nikaiweka juu ya meza. Ikaendelea kusoma: 76. Meza yangu ina afya njema.

Kwa hiyo usilipe kabla ya kujaribu. Ivae, ruka ruka pale pale dukani, weka vidole viwili shingoni, hesabu mapigo kwa sekunde 15 uzidishe kwa 4. Ikipishana na vidole vyako kwa mapigo 20, mrudishie. Muuzaji akikuzuia kuruka, umeshapata jibu.

Ukichukua mkanda, uliza kwanza unatumia betri gani, kisha ukirudi kukimbia usuuze kwa maji. Chumvi ya jasho huua kitambaa mapema kuliko betri.