Baiskeli ya kukunja, mwaka na nusu baadae: naipenda zaidi ikiwa imekunjwa kuliko nikiwa juu yake

Nianze na ilivyoanza maana bila hiyo hamtanielewa. Baiskeli yangu ya kwanza ya kwendea kazini ilikuwa ya kawaida, ringi kubwa, tamu kweli barabarani, niliifunga nje ya ofisi kwenye nguzo na kufuli la waya nikaingia zangu ndani. Jioni natoka nakuta ringi ya mbele peke yake imefungwa vizuri kabisa kwenye nguzo, fremu hakuna, ringi ya nyuma hakuna, siti hakuna. Ringi za baiskeli ile zilikuwa za kufungua kwa mkono bila spana na mimi kwa akili zangu nilipitisha kufuli kwenye spoku za mbele tu. Mwizi hakuhangaika hata kukata kufuli. Nikarudi nyumbani kwa basi nimeshika ringi mkononi kama chizi, watu wananiangalia.

Ndo nikasema safari hii nanunua baiskeli ninayoweza kuingia nayo ndani. Nikachukua hii ya kukunja, ringi inchi 20, gia 7, breki za raba za kawaida mbele na nyuma. Naenda nayo kazini kilomita 9 kwenda na 9 kurudi, ukitoa siku za mvua kali na siku za uvivu nadhani imeshatembea kama kilomita elfu 5 hivi. Kwa hiyo hii siyo ile maoni ya mtu aliyefungua boksi juzi.

Kukunja kwenyewe. Inakunjika sehemu tatu, kuna bawaba katikati ya fremu, nyingine chini ya usukani, afu nguzo ya siti unaishusha, na pedeli nazo zinalala. Tangazo lilisema sekunde 15. Wiki ya kwanza ilikuwa inanichukua dakika tatu na kidole kimoja kilibanwa hadi kucha ikawa nyeusi. Sasa hivi ni kama nusu dakika, hata nikiwa naongea na simu. Kuna sumaku inayotakiwa kushikilia ringi mbili zikae pamoja ikishakunjwa, hiyo ni mapambo tu, siku ya pili ilifunguka katikati ya ngazi ikanipiga ugoko, tangu siku hiyo natumia kamba ya mpira.

Uzito ndo walinidanganya kiaina. Kwenye karatasi kilo 12, lakini hiyo ni bila keria, bila madigadi, bila taa, bila kufuli. Niliipima nyumbani ikiwa na vitu vyake vyote, karibu 14. Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu na lifti ina tabia zake. Kilo 14 ukizishika kama ndoo siyo nyingi, ila baiskeli iliyokunjwa haina pa kushika, kila ukishika pana chuma kinachokuchoma mbavu, mwishoe nikajifunza kuibeba kwa kushika ile nguzo ya siti, cheni ikiangalia upande wa pili, la sivyo suruali inakuwa na mstari wa grisi ambao hautoki hata ufanyeje.

Siku ya kwanza kuingia nayo mlinzi alinisimamisha, "kaka, baiskeli haziingii ndani." Sikubishana, nikaikunja palepale mbele yake. Akaizunguka, akaigusa, akaniuliza "sasa hii nayo ni baiskeli?" Nikamwambia kwa sasa hivi hapana. Akacheka akanipisha. Inakaa chini ya meza yangu, na kwa mwaka na nusu sijawahi kukaa kwenye mkutano nikiwaza kama nitaikuta. Hiyo peke yake kwangu ni zaidi ya nusu ya thamani yake, yaani mtu ambaye hajawahi kuibiwa hawezi kuelewa huo utulivu.

Sasa tuje barabarani, na huku sina maneno matamu mengi.

Ringi ndogo na mashimo haviendani kabisa. Shimo ambalo ringi kubwa inapita juu juu, hii inazama ndani halafu inagonga ukingo wa mbele kama imegonga ukuta. Mwezi wa kwanza nilipata pancha tatu na zote tundu mbili mbili zimekaa sambamba kama umeng'atwa na nyoka. Nikadhani tyubu ni mbovu, kumbe fundi akaniambia hiyo ni dalili ya upepo mdogo, tairi inabonyea ukigonga shimo, tyubu inabanwa kati ya ringi na ukingo wa shimo, inatoboka pande mbili kwa mpigo. Kiwango cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi na mimi nilikuwa nabonyeza kwa kidole gumba nasema iko poa. Nikanunua pampu yenye geji, nikawa najaza kila Jumapili usiku, pancha za namna hiyo zikaisha.

Zikabaki za aina nyingine. Ukiendesha pembeni ya barabara unaendesha kwenye uchafu wote ambao magari yameusukuma huko, chupa zilizovunjika, vijiwe, na vibaya kuliko vyote ni vile vinyaya vyembamba vya chuma vinavyotoka kwenye tairi za malori zilizopasuka. Huvioni kwa macho. Niliziba pancha leo, kesho yake asubuhi tairi chini, nikaziba tena, keshokutwa chini tena, nikaanza kuamini nimelogwa. Fundi akachukua kipande cha pamba akakipitisha ndani ya tairi taratibu kuzunguka, pamba ikanasa mahali, hapo hapo kulikuwa na kinyaya cha kama milimita 3 kimejichimbia. Tangu hapo nina pamba kwenye mkoba wa vifaa pamoja na viraka na gundi, na sizibi pancha kabla sijapitisha pamba.

Ila kabla sijajua hilo la pamba, hasira zilinifanya ninunue tairi za mpira mtupu, zisizojazwa upepo. Jamani msirudie kosa hili. Kuzivalisha tu ilituchukua watu wawili na jasho. Pancha kweli hakuna, ila kila kokoto unalisikia kwenye meno, viganja vinakufa ganzi ukifika kilomita ya nne, na baiskeli inakuwa nzito kama unaburuta mtu. Wiki ya pili spoku ya nyuma ikakatika. Nilivumilia wiki tatu. Unajua tairi la upepo la baiskeli lilipata hati miliki mwaka 1888, na Dunlop aliyelitengeneza pale Belfast alikuwa daktari wa mifugo anayetafuta namna ya kumpunguzia mtoto wake mitikisiko kwenye baiskeli ya miguu mitatu? Miaka mia na ushee baadae mimi nikatoa hela yangu kuirudisha mitikisiko. Nikazitoa, nikaweka tairi za upepo zenye tabaka nene la kinga chini ya mpira, ni nzito kidogo lakini tangu hapo, miezi kumi sasa, pancha mbili tu.

Na kama utanunua tyubu au tairi za baiskeli ya namna hii sikiliza hapa, usiende dukani ukasema "nataka inchi 20" basi. Kuna inchi 20 mbili na haziingiliani. Yangu ni 406, hiyo ni milimita za kipenyo cha ringi pale tairi inapokaa, inaandikwa ubavuni mwa tairi, na ndo hiyo hiyo ya baiskeli za BMX na nyingi za watoto kwa hiyo vipuri havisumbui. Nyingine ni 451, ringi yake ni kubwa zaidi. Mimi nilirudi nyumbani na tairi imeandikwa 20x1 3/8 nikijua nimepata, kumbe hiyo ndo 451, ilikuwa inacheza kwenye ringi kama kiatu cha baba mguuni mwa mtoto. Ya kwangu inaandikwa 20x1.75. Andika namba kwenye simu kabla hujaondoka nyumbani.

Usukani ni mwepesi kupita kiasi. Ukiwa umezoea baiskeli kubwa siku za mwanzo utahisi inakukimbia. Kutoa mkono kuonyesha unakata kona kunataka moyo, mimi huwa naonyesha mapema barabara ikiwa laini halafu narudisha mkono kabla ya kona yenyewe. Pia zile nondo za kufunikia mifereji zilizolazwa kufuata barabara, ringi ikiingia katikati yake wewe unaendelea na safari baiskeli inabaki. Nazipita kwa kukata mshazari au nashuka kabisa.

Kitu kilichonitisha kuliko vyote hakikuwa gari hata. Ilikuwa bawaba ya usukani. Asubuhi moja nimechelewa, nimekunjua haraka haraka, nikafunga klipu ya usukani lakini kile kidude kidogo cha usalama sikukisukuma mpaka mwisho. Nimefika kwenye taa nyekundu nabana breki, usukani wote ukalala mbele. Bahati nilikuwa karibu nimesimama, miguu ikagusa chini. Nilikaa pembeni kama dakika tano natetemeka. Sasa nimejiwekea utaratibu, nikishakunjua navuta usukani kwangu, nausukuma, nainua baiskeli kwa mbele naidondosha kidogo nisikilize kama kuna kinachogonga, ndo napanda. Bawaba ya kati nayo mwezi wa nne ilianza kulia kwii kwii, nikarudi dukani nilikonunua wakaniambia ni kawaida. Siyo kawaida, klipu ilikuwa imelegea, fundi alikaza nati yake robo mzunguko ikanyamaza.

Magari sasa. Hapa baiskeli ya kukunja au isiyo ya kukunja shida ni ile ile ila kuna nyongeza, madereva wanaona ringi ndogo wanadhani ni mtoto anacheza. Mabasi ndo tumeshazoeana, linanipita kwa kelele nyingi halafu mita kumi mbele linasimama kushusha watu, nalipita, linanipita, linasimama, mpaka mjini tunafika pamoja. Sijibizani nayo tena, nasubiri nyuma mpaka litoke. Malori sikai ubavuni mwake kabisa karibu na makutano, dereva yuko juu kule na upande ule hakuoni, likianza kukata kona nyuma yake inakuja kukubana. Na milango ya magari yaliyoegeshwa, huo ni ugonjwa. Mmoja alifungua bila kuangalia, nikapita kwa sentimita chache, tangu siku hiyo nakaa mbali na magari yaliyoegeshwa angalau upana wa mlango mzima hata kama wa nyuma wanapiga honi, wacha wapige. Uholanzi watu hufundishwa kufungua mlango kwa mkono wa mbali, ule usio upande wa mlango, kwa hiyo mwili unageuka wenyewe na macho yanaangalia nyuma. Kitu kidogo tu.

Mvua. Madigadi zilizokuja nayo ni fupi, zimewekwa ili picha ya tangazo ipendeze, maji yote yanakuchapa mgongoni na kwenye cheni. Nilikata kipande cha dumu la plastiki nikaongezea kwa riveti, inaonekana vibaya lakini mgongo mkavu. Breki za raba kwenye ringi yenye maji, ukibana mara ya kwanza ni kama hujabana, raba zinafuta maji kwanza ndo zinashika, kwa hiyo siku ya mvua naanza kugusa breki mapema sana. Na kwa vile ringi ni ndogo ule mkono wa gia wa nyuma unaning'inia karibu na ardhi, unakula matope yote, na ukigusa ukingo wa barabara unapinda. Wangu umepinda mara mbili.

Cheni pia inaisha haraka kuliko nilivyotegemea. Napima kwa rula, pini hadi pini vipande 12 vizima (kimoja ni pea, cha ndani na cha nje) ni inchi 12 kamili ikiwa mpya, ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi nabadilisha. Ya kwanza niliiacha hadi ikala na friwili, yaani zile gia za meno za nyuma, nikabadilisha vyote viwili.

Jasho watu wananiuliza sana. Begi la mgongoni ndo adui, liweke kwenye keria. Afu toka dakika kumi mapema uendeshe taratibu, baiskeli hii hata hivyo siyo ya mashindano, ukijaribu kukimbizana na watu wa ringi kubwa utaumia goti bure.

Mwenzangu wa ofisini ameniganda wiki ya pili sasa, anataka nimuuzie, ameona ilivyo safi chini ya meza akaipenda. Jana jioni nikamwambia sawa, ila kesho asubuhi tukutane chini uibebe wewe mpaka ghorofa ya tatu. Leo ameifikisha ya pili, akaiweka chini taratibu akaniuliza kama lifti imetengenezwa.