TAHADHARI: Spoila "inayojiinua yenyewe" ya Impreza, nimelizwa laki nne na nusu

Wakuu, kuna muuzaji anatembeza mtandaoni spoila (bawa la kufunga nyuma ya gari) za Subaru Impreza "zinazojiinua zenyewe ukifika kilomita 80, teknolojia ya mbio za magari". Nilimtumia hela, mzigo ukaja, sasa simu zangu hapokei. Jina simtaji, ila bidhaa mtaitambua: boksi jeusi, bawa la plastiki, mota mbili kama za kupandishia vioo, na rimoti kama ya geti.

Aliponinasa ni kwenye historia, maana hiyo anaijua haswa. Alinipa habari za Jim Hall wa Texas na gari lake la mwaka 1966, Chaparral 2E, lenye bawa kubwa juu ya nguzo mbili. Dereva akikanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, bawa linalala ili gari lichanje hewa kwenye barabara iliyonyooka. Akiachia, linainama na kulikandamiza gari chini kwenye kona. Kweli tupu. Akaja na Porsche 911 ya 1989, spoila yake inapanda yenyewe kwenye kilomita 80 kwa saa. Nayo kweli. Uongo ulianza aliposema, "Na hii ni ileile, kaka."

Fundi wangu wa Tabata alipofungua boksi alicheka kwanza. Waya mbili tu, chanya na hasi. Wa kusoma spidi haupo. Sasa itajuaje umefika 80? Akaiinua kwa rimoti, akaniambia niikandamize kwa kiganja. Ikashuka, krrr, kama droo! Na hewa si kiganja: spidi ikiongezeka mara mbili, msukumo wake unaongezeka mara nne. Bawa la Hall lilishikizwa kwenye vishikio vya magurudumu ya nyuma, mzigo ukaenda moja kwa moja kwenye matairi. Langu lilikuja na gundi ya pande mbili ya kubandika kwenye buti.

Nikabisha (ukishalipa unabisha tu), nikaibandika, nikashika njia ya Chalinze. Kabla ya Mlandizi ikaanza kugonga kama bati lililolegea, upande mmoja ukabanduka, ikabaki inaning'inia kwa waya. Nyuma yangu kulikuwa na bodaboda kapakia mama na mtoto. Mwaka 1969 huko Montjuïc, Hispania, mabawa marefu ya magari mawili ya mbio ya Lotus, ya madereva Graham Hill na Jochen Rindt, yalivunjika kwenye mbio moja, Rindt akaumia, na mbio zilizofuata za Monaco yakapigwa marufuku. Na hao walikuwa na wahandisi, siyo gundi.

Ukikutana naye, mwambie akuonyeshe waya wa spidi na bolti za kufungia. Mimi alinijibu kwa video ya Porsche.

Yangu ipo gereji Tabata, imepasuka kona. Anayetaka kununua kama hiyo apite kwanza aikandamize mwenyewe.