Nyumba ya vyumba vinne Buswelu: jengo zuri, hati bado

Kwa familia inayotoka kwenye nyumba ya kupanga, nyumba hii ya Buswelu, Manispaa ya Ilemela, jijini Mwanza, inastahili kuangaliwa. Ina vyumba 4, kimoja kikiwa na choo chake, sebule pana, stoo, jiko lenye mlango wa nje na uzio wa tofali. Muuzaji anataka milioni 95. Kwa jengo lenyewe bei si mbaya. Kwa hali ya karatasi zake ni kubwa.

Kiwanja kimepimwa na kina hati ya miaka 33, ila hati inasoma jina la aliyejenga, wala si la huyu anayeuza. Yeye alinunua kwa mkataba uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, basi. Muhuri huo hauhamishi umiliki. Kabla ya kutoa hata kishika uchumba (malipo ya awali), fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati uone kama kuna rehani ya benki au zuio. Kisha mwenye jina aje asaini uhamisho mbele ya wakili, na mwenzi wake aridhie kwa maandishi. Kama amefariki, anayesaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama mtoto mkubwa ndiye aliyeshika hati. Dai stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Kodi ya TRA ya asilimia 10 ya faida ya mauzo ni mzigo wa muuzaji, lakini isipolipwa uhamisho unakwama, kwa hiyo iandikwe kwenye mkataba.

Bati, milango na vigae havina tatizo. Msingi ndio wa kuangalia. Nyuma umekaa juu ya mwamba, mbele juu ya kifusi. Kifusi hushuka, mwamba haushuki, ndiyo maana kuna ufa wa mshazari kwenye kona ya dirisha la sebule. Rangi mpya imeufunika nusu. Bandika jasi juu ya ufa, andika tarehe, acha masika ipite: jasi likipasuka, ukuta bado unatembea.

Mwamba huohuo umefanya shimo la maji taka liwe fupi. Haunyonyi, hivyo shimo hujaa upesi. Uliza majirani gari la kunyonya huitwa mara ngapi kwa mwaka, na upime kama linapita getini.

Mita ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, ipo, ila tangi la lita 5,000 limewekwa chini bila pampu. Maji yakikatika, bafuni ni ndoo. Jenga mnara wa mita 3 na ununue pampu. Kagua deni la maji, kwa sababu mita inabaki na nyumba. Mita za umeme za LUKU ni mbili: kodi ya jengo hukatwa unaponunua umeme, kwa hiyo hakikisha haikatwi kwenye zote.

Mtaa umetulia. Ofisi za manispaa ziko Buswelu hapohapo, stendi ya Nyamhongolo ipo upande huohuo wa jiji, daladala za mjini hupitia Nyakato. Hospitali za Bugando na Sekou Toure ziko mjini, kwa hiyo mwenye mgonjwa wa mara kwa mara apange usafiri wa usiku. Kipande cha mwisho cha barabara ni udongo. Kipite siku ya mvua kabla hujaamua.

Tungeanzia milioni 80, malipo yapitie kwa wakili kwa mafungu, na fungu la mwisho litoke hati ikishasoma jina la mnunuzi.