Propela ya mashine ya boti: ipi ununue ukiwa Mwanza

Mwaka juzi nilibeba propela kutoka Dar es Salaam, mpya kabisa, kwa ushauri wa shemeji yangu anayevua Kigamboni kwa mashine ya nguvu za farasi 40 kama yangu. Kwake boti inaruka. Kwangu, nikitoka Igombe na magunia ya dagaa, mashine ilinguruma kama lori linalopanda mlima kwa gia ya nne, na petroli ikaenda bila huruma. Fundi wa Kirumba alisoma namba tu, akacheka: "Kaka, hii ni ya baharini."

Hakuwa ananitania. Ziwa Victoria liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Mashine ya kawaida hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa hiyo ya 40 ikifika kwetu inafanya kazi kama ya 36. Propela iliyoitosha pwani huku inageuka mzigo.

Namba zenyewe zimegongwa kwenye propela, kwa mfano 11⅜ x 12-G. Ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi: umbali ambao propela ingesogea kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa mbao na yenyewe skrubu. Pichi kubwa ni ya mwendo, ndogo ni ya kuvuta mzigo. Herufi ya mwisho, kwa Yamaha, inaonyesha kundi la mashine inazoingia. Ukikosea hiyo, hata shafti haipiti.

Chaguo langu la kwanza ni alumini ya mapanga matatu, pichi pungufu kwa inchi moja kuliko ile wanayoisifia watu wa pwani. Inabeba dagaa, inabeba abiria, na ukirudi tupu bado inakimbia. Tena mji wetu ni wa mawe, na mengine yamejificha chini ya maji. Alumini ikigonga jiwe inapinda au kumeguka yenyewe, na gia zinapona. Fundi anainyoosha, maisha yanaendelea.

Ya pili, alumini ya mapanga manne, kwa mwenye kubeba mzigo mzito kila siku. Inashika maji vizuri kwenye mawimbi na boti haitetemeki sana. Mwendo wa juu unapungua kidogo.

Chuma cha pua naiweka ya tatu, najua wenye boti za mwendo watanuna. Ni kali kweli, haipindi ovyo, panga zake nyembamba zinakata maji. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya alumini, na ikikutana na jiwe, kipigo kinaweza kwenda moja kwa moja kwenye gia. Labda kama njia yako ni ya maji marefu tu.

Ya plastiki iwe ya akiba chini ya benchi. Iliyochomelewa sokoni, panga moja nene kuliko mwenzake, hapana: mtetemo wake unakula beringi.

Kabla hujalipa, kubaliana na muuzaji uijaribu. Pakia mzigo wako wa kawaida, fungua mafuta yote, fundi asome mizunguko kwa takomita ndogo ya kuzungushia waya wa plagi. Mashine nyingi za kazi zenye stroki mbili hutaka 4,500 hadi 5,500 kwa dakika, ila kitabu cha mashine yako ndicho hakimu. Ikishindwa kufika, punguza pichi. Ikipitiliza, ongeza. Inchi moja hubadilisha mizunguko 150 hadi 200 hivi.

Ukiifungua ya zamani, angalia nyuma yake. Nyuzi za timba, zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki, hujizungusha kwenye shafti na kukata sili, yaani mpira unaozuia maji yasiingie kwenye gia; maji yanaingia, na oili ya gia inakuwa nyeupe kama chai ya maziwa. Hapo propela mpya haitakusaidia, anza na sili.

Na nunua pini mbili za kufungia nati. Moja lazima itakuponyoka ziwani.