Vakyumu Yangu Iliungua: Hii Ndiyo Niliyonunua Badala Yake, na Sababu Zangu

Assalam aleikum, hamjambo wapendwa, karibuni tena. Leo nimekaa chini kabisa, sebuleni kwangu hapa Tabata, kwa sababu ninachotaka kuwaonyesha kiko sakafuni. Upande huu ni vakyumu yangu ya zamani, mashine ya kuvuta vumbi, imenitumikia miaka sita, ikaungua. Upande huu ni mpya, nina wiki ya tano nayo. Katikati hapo nimezunguka Kariakoo siku tatu nzima, na yapo mambo natamani mtu angeniambia kabla sijatoa hela ya ile ya kwanza.

Nianze na ya zamani. Usipojua mashine yako imekufa kwa nini, utarudi dukani kununua ugonjwa uleule.

Ngoja nisogeze kamera. Hii ndiyo filta yake. Ilikuwa nyeupe ilipokuwa mpya. Mnaona ilivyo sasa? Kijivu, imeganda kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Nikiikwaruza kwa ukucha, inamomonyoka hivi. Hii ni saruji. Tulikuwa na fundi anabadilisha vigae vya bafuni, alipomaliza nikasema nipitishe vakyumu kwenye vumbi lililobaki, yaishe. Sauti ikabadilika, ikawa nyembamba, inalia kwa juu. Nikaendelea. Hazikupita dakika tano, harufu ya waya ikajaa nyumba nzima, moshi ukatoka kwa nyuma.

Fundi wa kusuka mota aliifungua mbele yangu. Koili nyeusi tii. Akanieleza kitu ambacho hakuna muuzaji aliyewahi kuniambia: mashine za aina ile, mota inapozwa na hewa ileile inayovutwa kutoka kwenye zulia. Filta ikiziba, hewa haipiti. Mota inazunguka kwa kasi zaidi kwa sababu haina hewa ya kusukuma, ndiyo ule mluzi unaousikia, lakini inazunguka bila cha kuipoza. Kwa hiyo, dada zangu, ukisikia vakyumu imeanza kupiga mluzi, zima palepale. Angalia bomba, angalia filta. Na vumbi la saruji, jasi au majivu ya mkaa usilipeleke kabisa kwenye mashine ya kawaida ya nyumbani.

Kuna mtu ataniuliza, si urudi tu kwenye ufagio? Mwanangu wa pili ana pumu. Barabara yetu bado ni ya udongo, kiangazi hiki kila gari likipita tunakula vumbi. Ukifagia zulia kwa ufagio wa chelewa, takataka kubwa inatoka, lakini lile vumbi laini linapanda juu, linaelea, na usiku mtoto kifua kinabana. Wiki mbili tulizokaa bila mashine nimezihesabu kwa idadi ya usiku nilioamka kumpa pampu. Kwa hiyo kwangu mimi hili si suala la kupendezesha sebule.

Haya, twende madukani.

Kila duka utakaloingia, neno la kwanza ni wati. "Dada chukua hii ya 2000, ile ya 1200 haina nguvu." Naomba mnisikilize vizuri hapa. Wati zinakuambia mashine inakula umeme kiasi gani. Hazikuambii inavuta vumbi kiasi gani. Umoja wa Ulaya waliweka kikomo: Septemba 2014 vakyumu za nyumbani zisizidi wati 1600, Septemba 2017 wakashusha hadi 900. Na watu kule wanasafisha mazulia yao vizuri tu, kwa sababu viwanda vililazimika kutengeneza njia nzuri ya hewa na midomo ya bomba inayokaa sawasawa kwenye zulia. Mashine ya wati 2000 yenye mfuniko unaopitisha hewa pembeni inakumalizia tu uniti za LUKU. Ya wati 1400 ukiiwasha nusu saa, umetumia uniti 0.7. Hesabu mwenyewe kwa wiki unafagia mara ngapi.

Badala ya kusoma wati, mwambie muuzaji aiwashe. Kila duka wana soketi. Ziba mdomo wa bomba kwa kiganja chako, hivi, halafu pitisha mkono mwingine kuzunguka mfuniko na pale bomba linapoingilia. Ukisikia kaupepo kanapita, hiyo inavuta hewa ya pembeni, iache.

Kipimo cha pili nimekifanyia nyumbani, lakini hata dukani unaweza ukipata kona yenye giza. Nilimwaga kijiko cha unga wa ngano kwenye zulia, nikazima taa, nikawasha tochi ya simu nikaielekeza pale hewa inapotokea nyuma ya mashine. Angalieni hii video niliyochukua. Hii ni ya jirani yangu, haina filta nzuri. Mnaona ule ukungu kwenye mwanga? Ule ndio unga. Umeingia kwa mbele, umetoka kwa nyuma, sasa uko hewani kwenye pua ya mtoto. Na hii ni yangu mpya. Mwanga umenyooka, safi, hakuna kinachoelea.

Tofauti hiyo ni filta. Tafuta neno HEPA, na karibu yake tafuta namba, H13. H13 maana yake inanasa asilimia 99.95 ya zile chembe zilizo ngumu kuliko zote kunasa. Boksi likiwa limeandikwa tu "aina ya HEPA", halina namba, hilo ni pambo. Na filta nzuri inataka mashine iliyoziba vizuri, ndiyo maana nimewaambia kwanza mpitishe mkono kwenye mfuniko.

Sasa aina zenyewe. Wifi yangu aliniazima ile yake ya betri, ile ya kushika mkononi kama fimbo. Niwe mkweli, ni tamu. Nyepesi, unaitoa ukutani unafuta makombo chini ya meza, unairudisha. Umeme umekatika? Wewe unaendelea. Lakini kwenye zulia nene ilibidi niiweke kwenye nguvu ya juu kabisa, na nguvu ya juu betri ilidumu dakika nane. Zulia langu halijafika nusu. Halafu betri za lithiamu zinachoka, ukishaichaji mara mia kadhaa utaona muda unapungua. Kama unaipenda, na nyumba yako ni vigae mwanzo mwisho, inunue, ila hakikisha betri inachomoka na muuzaji anayo ya kubadilisha. Betri iliyofungiwa ndani, siku ikifa na mashine imekufa.

Zile yuzidi, yaani zilizokwishatumika, kutoka Ulaya na Dubai, zipo nzuri sana, hasa za mifuko. Volti zinaendana na zetu, na za Dubai na Uingereza hata plagi ni hii hii ya miguu mitatu. Shida yangu ilikuwa mifuko yenyewe. Niliuliza maduka sita, mawili tu walikuwa nayo, tena kwa modeli nyingine. Kama una ndugu anayekuletea mifuko, chukua, mfuko unanasa vumbi vizuri na kuutupa hakuna kutimua. Ndugu wa Marekani yeye mwambie asihangaike. Umeme wao ni volti 120, ukiichomeka hapa moja kwa moja umeichoma.

Mimi nimechukua hii, ya pipa. Lita 20, wati 1400, ya maji na kavu. Nimelipa 210,000, tulianzia 260,000.

Kwa nini hii? La kwanza, mota. Mashine nyingi za maji na kavu, mota ina njia yake ya hewa ya kuipoza, mbali na hewa chafu inayotoka kwenye bomba. Baada ya yaliyonikuta, hilo peke yake lilinitosha. La pili, filta yake ya duara nimeikuta kwenye maduka matatu tofauti, na ipo ya H13. Nimenunua mbili siku hiyohiyo. La tatu, kaboni za mota, zile zinazoisha kwa kusuguana, fundi wangu anazo, aliziangalia akasema hizi za kawaida.

Ngoja niwaonyeshe zulia. Jana dada alilifagia kwa ufagio, ukilitazama liko safi. Napitisha mashine kipande hiki tu, upana wa mlango. Taratibu, msisugue haraka haraka, ivute kuja kwako. Sasa nafungua pipa. Tazameni. Mchanga mwekundu, kama vijiko vitatu vya chai. Kutoka kwenye zulia lililofagiwa.

Siwezi kuwaficha kasoro zake. Ina kelele, mtoto mdogo akiwa amelala siwashi. Waya mfupi, kutoka sebuleni haifiki chumbani bila ekstensheni, na ekstensheni yenyewe iwe ya waya mnene, ile nyembamba inapata moto. Bomba gumu kidogo. Kama unaishi ghorofani na unapanda nayo ngazi, utachoka. Mdomo wa makochi iliyokuja nao ni mbovu, nilinunua mwingine kwa 15,000.

Upande wa maji, juzi mpira wa mashine ya kufulia ulichomoka, jikoni kukawa bwawa. Unatoa filta ya duara, unaweka hii ya sponji, ndipo unavuta. Ukisahau filta ya HEPA humo na ikalowa, imeharibika. Hapa juu ndani kuna boya, pipa likijaa boya linapanda linaziba njia, sauti inabadilika. Hapo ni kuzima na kumwaga. Baada ya hapo pipa likauke wazi, ukilifunga na unyevu linanuka siku ya pili.

Mkinunua, chukueni risiti yenye jina la modeli, na waranti iandikwe tarehe na mhuri. Na muulize filta kabla ya kuuliza bei.

Yangu ya kwanza niliiosha jana asubuhi, hii modeli imeandikwa inaoshika, si zote. Ile pale kwenye kamba, mnaiona? Nimetoka kuigusa, kwenye mikunjo bado ina ubichi. Leo mashine inafanya kazi na ya pili. Ile inakaa kwenye kamba mpaka kesho.