Kuba la kamera nililonunua kwa ajili ya picha za Doubilet: uzoefu wangu

Kuba hili ninalo mwezi wa nne sasa. Ni kama bakuli la plastiki angavu, kipenyo sentimita 15, na kamera ndogo ya majini inafungwa kwa nyuma. Nilitoa shilingi laki moja na sabini kwa sababu moja tu: picha za nusu kwa nusu za David Doubilet, yaani nusu juu ya maji, nusu chini ya maji.

Doubilet ni mpiga picha za chini ya maji, Mmarekani, mzaliwa wa 1946. Alianza akiwa na miaka 12 huko New Jersey, kamera yake ya Brownie Hawkeye kaitia kwenye mfuko wa mpira, akazama nayo. Baadaye akapiga picha za jarida la National Geographic miaka na miaka. Kuna picha yake ya samaki aina ya taa, kwenye kisiwa cha Grand Cayman huko Karibiani, ambayo niliifungua kila usiku kwa wiki kadhaa. Chini taa anapita juu ya mchanga, juu mawingu. Nilifunika nusu ya juu kwa kiganja, iliyobaki ikawa bado picha kamili. Nikafunika ya chini, hivyo hivyo. Hapo nikaijua kasoro yangu: juu nilikuwa naacha anga tupu, nikitegemea samaki wabebe kila kitu.

Kamera peke yake haifui dafu. Lenzi ni ndogo kama kifungo cha shati, kiwimbi kimoja kinaifunika yote. Kuba linayasukuma maji mbali na lenzi, mstari wa maji kwenye picha unakuwa mwembamba na unauweka unapotaka. Kioo bapa chini ya maji hukuza vitu kwa kama thuluthi moja. Kuba linakurudishia upana wako.

Nililipeleka Jambiani, Zanzibar, kwenye mashamba ya mwani. Siku za bamvu maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, kisha yanarudi taratibu huku jua likipanda. Mimi sina flashi ya kuangaza nusu ya chini kama Doubilet, kwa hiyo hilo jua ndilo taa yangu. Nikamwamkia mama mmoja aliyekuwa akifunga mwani, nikaomba ruhusa. “Piga, mwanangu, ila kamba zangu usizikanyage.” Nikapiga magoti nje ya vigingi, maji kifuani.

Shida kubwa ni matone juu ya kuba. Usipanguse kwa kitambaa. Lizamishe lote, liinue, piga mara moja kabla maji hayajajikusanya. Hewa iliyomo ndani inalivuta juu, kifundo cha mkono kinauma baada ya nusu saa. Na plastiki inachubuka haraka: siku ya pili tu mchanga uliniachia mkwaruzo unaoonekana nikielekea jua. Mfuko linalokuja nao ni mwembamba mno; mimi nalifunga kwa taulo. Kagua pia mpira wa kuzibia. Chembe moja ya mchanga pale iliniingizia maji, bahati nikawahi kutoka.

Hata hivyo ningelinunua tena. Katika picha karibu mia mbili za siku ile nimebakiza moja. Juu kuna kanga nyekundu ya yule mama iliyolowa hadi kiunoni na ngalawa kwa mbali. Chini, vidole vyake vinakaza fundo kwenye kamba, na mwani umelalia upande yanakoenda maji. Nimeifunika kwa kiganja, juu, kisha chini.